Kabla ya jembe, daftari la mpishi

Swali: Ninaongoza shule ya msingi yenye wanafunzi 200, mbali kabisa na mji. Chakula cha mchana hutufikia kwa lori mara moja kwa mwezi: nafaka, maharage makavu, mafuta na chumvi. Mvua zikishika barabara hukatika, lori likakawia hata wiki tatu. Mboga na matunda watoto hawayaoni shuleni, ilhali wakulima wametuzunguka pande zote. Mwaka juzi tulianzisha bustani ya shule, ikatufia wakati wa likizo. Ofisi ya ununuzi nayo inasisitiza tununue kwa mzabuni aliyesajiliwa tu. Tuanzie wapi?

Jibu:

Mwalimu, swali lako ni moja lakini tumboni lina matatu: bustani iliyokufa, majirani wanaolima bila kuiuzia shule, na ofisi inayokubana. Niruhusu nianze na bustani, maana nahisi ndiyo iliyokuvunja moyo.

Chukua kalamu tupige hesabu. Wanafunzi 200, kila mmoja apate gramu 80 za mboga kwenye sahani, ni kilo 16 kwa siku. Toa maganda, mashina na majani yaliyoliwa na wadudu, itabidi uanze na kilo 20. Mkipika mboga mara tatu kwa wiki ni kilo 60, na muhula wa wiki 12 ni kilo 720. Mkulima hodari wa kabichi, mwenye samadi na maji, huvuna kama kilo 2 hadi 3 kwa mita moja ya mraba. Kwa hiyo mnahitaji matuta ya mita za mraba 240 hadi 360, ukiacha njia za kupita. Ardhi hiyo pengine mnayo. Tatizo ni maji. Siku ya jua kali tuta hunywa lita 5 hivi kwa mita ya mraba, kwa hiyo mita 300 zinataka lita 1,500. Hayo ni madumu 75 ya lita 20, kila siku ya Mungu, Jumapili na likizo zikiwemo. Nani anayabeba? Wanafunzi wale wale mliotaka kuwalisha. Walipofunga shule, na maji yalifunga.

Basi usijilaumu. Bustani ile haikufa kwa uvivu wa mtu. Ilipewa kazi isiyo yake. Bustani ya shule ni darasa. Iache iwe na matuta mawili matatu karibu na bomba au tangi, watoto wajifunze kuotesha miche na kutambua wadudu, na mpishi apate majani ya kuongeza kwenye sufuria siku za bahati. Kulisha watu 200 ni kazi ya wakulima, na wakulima unao.

Hapo ndipo wengi hukosea mara ya pili. Wakishaachana na bustani hukimbilia kwa wakulima na kuwaambia, "Tuleteeni mboga." Nao huleta, kwa moyo mmoja, na mambo huharibika. Niliwahi kukaa jikoni kwa shule moja siku ya Ijumaa, saa nane mchana, watoto wameshakula na wanajiandaa kurudi nyumbani. Yakaingia magunia manne ya kabichi. Mwalimu wa zamu akafurahi, akapiga makofi. Mpishi hakufurahi. Aliyaangalia yale magunia, akaangalia kisu chake kimoja chenye mpini uliofungwa kwa mpira, akaniambia polepole, "Hizi Jumatatu utazinusia getini." Stoo ilikuwa ya mabati, haina dirisha. Jumatatu tulitupa zaidi ya nusu, na yule mkulima, aliyekuwa bado hajalipwa, akazikuta shimoni. Hakurudi tena, na sidhani kama kuna mtu angerudi.

Tangu siku ile nikienda shule yoyote huanza na mpishi, tena na daftari lake. Kama hana daftari, tunaliandika pamoja. Sufuria ngapi, za ukubwa gani? Moto unawashwa saa ngapi? Maji ya jikoni yanatoka wapi, ndoo ngapi? Visu vingapi, mbao za kukatia ngapi, mikono mingapi? Chakula kikavu kina sifa moja ambayo hatuisemi: hakimsumbui mpishi. Maharage unayachambua, unayaloweka, unayaweka motoni, unaendelea na mengine. Kilo 20 za karoti zinataka kuoshwa, kuparwa na kukatwa, na kwa kisu kimoja asubuhi yote imekwisha. Ukimletea mpishi mboga bila kumwongezea mikono wala visu, umemwongezea kazi bila malipo, naye atatafuta njia ya kuzikwepa. Atakuwa na haki. Kwa hiyo fedha ya kwanza ya mpango wako isiende kwenye mboga. Nunua visu vinne vizuri, mbao za kukatia, na mlipe mtu wa pili kwa muda wa saa tatu kila asubuhi, siku za mboga tu.

Baada ya daftari la mpishi inafuata kalenda. Chora karatasi yenye safu 12 za miezi, keti na wakulima watano sita na bwana shamba kama mnaye, jazeni kila zao linapoiva. Mtaona miezi ya neema na miezi ya ukame. Kisha panga mazao kwa uwezo wake wa kusubiri, maana mahali pa mbali kitu kisichoweza kusubiri ni hasara. Maboga yaliyokomaa, yakivunwa na kikonyo chake, hukaa miezi miwili au mitatu kwenye chaga penye hewa na kivuli. Vitunguu vilivyokaushwa shingo vizuri hukaa hivyo au zaidi. Viazi vitamu na kabichi ngumu hukaa wiki kadhaa pakiwa na ubaridi kidogo, mayai ambayo hayajaoshwa nayo vivyo hivyo. Nyanya ni siku chache. Majani laini ni leo au kesho.

Ngazi hiyo ndiyo inayoamua nani akuuzie nini. Mkulima wa mbali, anayekuja kwa punda au kwa mashua mara moja kwa wiki, mpe maboga na vitunguu. Majani mpe yule anayeweza kuyakata alfajiri na kuyafikisha jikoni kwa miguu kabla ya kengele ya kwanza. Vitamini C na foleti (vitamini ya kundi B) huanza kupungua kwenye majani tangu yanapokatwa, na joto huongeza kasi. Majani yaliyosafiri siku mbili juani yamepoteza sehemu kubwa ya vitamini hizo.

Kuhusu friji, sahau kwa sasa. Kama hewa ya kwenu ni kavu, jaribu vyungu viwili, kimoja ndani ya kingine, mchanga wenye maji katikati na kitambaa kibichi juu. Mwalimu mmoja wa Nigeria, Mohammed Bah Abba, alikiboresha na kukisambaza chombo hicho vijijini, akapewa tuzo ya Rolex mwaka 2000. Biringanya zilizokuwa zikioza baada ya siku tatu zilikaa siku 27. Kwa shule ya watu 200, kanuni ileile hujengwa kwa matofali: kuta mbili, mchanga wenye maji katikati yake. Lakini kama hewa yenu ni ya unyevunyevu, kama ya pwani au msituni, usipoteze matofali yako. Maji yasipokauka hayapoozi kitu.

Sasa tufike kwenye moyo wa jambo. Mkulima mdogo hapandi mboga za shule. Anapanda mboga za mnunuzi anayemjua, na shule yako hajawahi kuijua kama mnunuzi. Anakijua kitu kimoja kuhusu shule: huomba michango. Ukitaka apande kwa ajili yako, ahadi itangulie mbegu. Miezi mitatu hadi minne kabla ya kuhitaji kabichi, muwe mmeshaandikiana karatasi moja: zao gani, kilo ngapi, siku gani ya wiki, bei gani, na malipo siku ya ngapi baada ya kupokea. Karatasi moja tu, kwa lugha mnayozungumza, yenye sahihi au dole gumba.

Bei mtapatana vipi? Wengi hulinganisha bei ya mkulima na bei ya sokoni mjini, wakaona mkulima ni ghali. Hiyo hesabu si sahihi. Linganisha bei ya mkulima na bei ya kitu kilekile kikiwa mlangoni kwa jikoni lako, kimeshalipiwa lori, mafuta, kupakua na sehemu iliyooza njiani. Umbali unaokutesa wewe unamtesa mzabuni wa mjini zaidi. Kwa mboga nzito zenye maji mengi, hapo jirani yako anamshinda bila jasho. Kwa nafaka na mafuta mara nyingi hamshindi, na hakuna dhambi kuendelea kununua hivyo kutoka nje.

Kuhusu malipo sitapindisha maneno. Ucheleweshaji wa malipo huua mipango. Ghana ilianza mpango wake wa chakula shuleni mwaka 2005 kwa nia nzuri kabisa, kwamba asilimia 80 ya fedha izunguke kwenye uchumi wa eneo lenyewe. Kazi ya kupika na kununua wakapewa wapishi wa mikataba, wanaotanguliza fedha zao na kurudishiwa baadaye. Fedha zilipochelewa kwa miezi, walinunua pale wanapokopeshwa, na anayeweza kukopesha ni mfanyabiashara mwenye ghala. Mkulima mdogo hana uwezo huo. Wewe pia ukimwambia mkulima asubiri hadi mwisho wa muhula, umemchagua mfanyabiashara bila kujua. Tafuta mfuko mdogo wa kuzungusha, hata uwe wa kutosha mboga za wiki mbili tu, mkulima alipwe ndani ya siku saba, na fedha ya serikali au ya wafadhili ikija irudishe mfuko ulipokuwa. Kama hamwezi hata hilo, punguzeni kilo. Kilo 20 zilizolipwa zina faida kuliko kilo 60 za ahadi.

Sasa ofisi ya ununuzi. Afisa anayekubana hafanyi hila, anaogopa mkaguzi. Wenzako duniani wameshalipita hili, na njia zao zitakusaidia kuzungumza naye. Brazili ilipitisha sheria mwaka 2009 iliyotaka angalau asilimia 30 ya fedha za taifa za chakula cha shule itumike kununua moja kwa moja kwa familia za wakulima, na waliotangulizwa kwenye foleni ni pamoja na jamii za wenyeji wa asili na za vizazi vya watumwa waliotoroka, wengi wao wakiishi mahali pasipofikika kirahisi. Hawashindani kwa bei ya chini; bei hutangazwa kwanza, kisha wakulima hualikwa. Marekani nako, shule ziliruhusiwa mwaka 2008 kuyapa mazao ya karibu upendeleo, lakini hazikuweza kuandika kwenye zabuni kwamba zinataka ya karibu tu. Ruhusa hiyo ilikuja Julai 2024.

Kinachonivutia kwenye sheria ya Brazili ni msamaha wake. Inaruhusu shule isifikishe kiwango hicho kwa sababu tatu: wauzaji hawawezi kutoa hati halali ya mauzo, hawawezi kuleta mfululizo bila kukatika, au usafi wa chakula una mashaka. Ukizisoma sababu hizo kwa jicho la mtendaji, ni orodha ya kazi zako tatu. Mkulima mmoja mmoja hatoi ankara, kikundi kinaweza. Wasaidie wasajili kikundi au wajiunge na ushirika uliopo, na mweka hazina awe mtu anayeandika vizuri. Mkulima mmoja akiugua mboga hazifiki, watano wakigawana siku na matuta zinafika. Usafi nitaueleza hapa chini. Nenda kwa afisa na vitu hivyo vitatu mkononi, kisha umuulize swali moja: kiwango cha manunuzi madogo yasiyohitaji zabuni kamili ni kipi kwa mujibu wa kanuni zenu? Karibu kila nchi inacho. Mboga za wiki za shule moja mara nyingi ziko chini yake. Ila akikwambia mahitaji ya mwaka mzima yanahesabiwa kama ununuzi mmoja, msikilize, wala usikate ankara vipande vipande ili ukwepe kiwango. Hilo ni kosa karibu kila mahali, na atakayeulizwa ni wewe.

Kuna kitu kimoja sitaki ukipite haraka. Katika jamii ndogo, mnunuzi mpya wa kilo 60 kwa wiki ni mnunuzi mkubwa. Miezi ya mavuno hilo ni neema. Miezi ya njaa, shule ikinunua mboga chache zilizopo, mama wa mwanafunzi wako anaweza kuziuza kwako asubuhi na kukosa za kupika jioni. Kwa hiyo kwenye ile kalenda, piga mstari chini ya miezi ya ukame, na miezi hiyo tumieni vilivyohifadhiwa au kilichokuja na lori. Michango ya wazazi ya chakula nayo niitaje tu: ikiwa ya lazima, anayeumia ni mzazi maskini, na nimeona mtoto akikaa nje ya foleni kwa sababu kwao hawakuleta fungu lao. Nunua. Anayetaka kutoa zawadi atoe, isiandikwe kwenye orodha ya ukutani.

Usafi sasa. Muulize mkulima maswali mawili kila anapoleta: umepulizia dawa lini, na samadi uliweka lini? Kila dawa ina idadi ya siku za kusubiri kabla ya kuvuna, imeandikwa kwenye chupa. Asiyejua jibu leo asiuze leo. Samadi mbichi kwenye mboga zinazogusa udongo ni hatari. Kanuni ya kilimo hai ya Marekani inataka siku 120 zipite kati ya samadi mbichi na mavuno ya mazao ya namna hiyo. Samadi iliyooza vizuri, ile isiyonuka na isiyo na joto, haina usumbufu huo. Jikoni, osha mboga kwa maji unayoweza kuyanywa, chochote kinacholiwa kibichi kwanza. Chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili kikipoa. Ama kiliwe, ama kibaki motoni juu ya nyuzi 60. Kwa jiko la shule maana yake ni fupi: mboga zipikwe karibu na saa ya kula.

Hilo linanifikisha kwenye sufuria, mahali ambapo kazi yote niliyoeleza huharibiwa bila mtu kugundua. Mpishi anayepika maharage tangu alfajiri huzoea kutumbukiza kila kitu pamoja. Majani yakichemka kwa muda wa saa tatu yanakuwa matope ya rangi ya kaki, vitamini C imekwisha, na watoto wanayasukuma pembeni ya sahani. Kisha utasikia, "Watoto wetu hawapendi mboga." Wapewe majani yaliyoingia sufuriani dakika kumi za mwisho, yakiwa bado na kijani chake, kwa mafuta kidogo. Mafuta yanasaidia mwili kuchukua vitamini A iliyo kwenye boga, karoti na majani. Na tunda lenye uchachu, hata robo tu, likiliwa pamoja na maharage humsaidia mtoto kufyonza madini ya chuma yaliyomo. Mkipata fedha ya kitu kimoja tu zaidi ya mboga, kiwe tunda hilo.

Barabara itakatika, hilo lipangie. Miezi ya neema kausheni majani kivulini, penye upepo, hadi yavunjike mkononi. Jua la moja kwa moja hula vitamini A. Yahifadhiwe kwenye vyombo vinavyofunga, gizani. Maboga yapangwe kwenye chaga bila kugusana, na kila wiki mtoto mmoja mwenye macho makali ayapitie kutafuta lililoanza kulegea. Mwanzo wa msimu wa mvua stoo iwe na maboga, vitunguu na majani makavu ya wiki tatu, kwa sababu ndivyo ulivyosema lori hukawia.

Muhula wa kwanza anza na zao moja, siku moja kwa wiki, wakulima watano. Ningechagua boga. Halichanganyi mpishi, linasubiri, watoto wanalipenda kwa utamu wake, na ukikosea hesabu hutatupa kitu. Muhula wa pili ongeza majani kutoka kwa jirani wa karibu zaidi, siku ya pili ya wiki. Mkifika siku tatu bila mtu kulalamikia malipo, ndipo urudi kwa afisa wa ununuzi na daftari lako.

Na kabla ya boga la kwanza kuingia getini, nunua mizani ya kuning'iniza, mpya, na uitundike nje ya jikoni, mahali ambapo mkulima na mpishi wote wawili wanaiona namba. Anayepokea asome kwa sauti, mkulima aandike kwenye daftari lake, mpishi aandike kwenye lake.